Majoho Yaliyoanikwa Nyumbani kwa Mgonjwa

Wapendwa, leo nimepanda hapa na hasira, na sitaificha. Nitawapa mfano. Atakayejiona ndani yake asinisubiri mlangoni baada ya ibada kuniuliza nani kaniambia.

Katika usharika mmoja wa kule milimani, ambako masika yakianza jua unalisahau, alikuwapo mama mmoja mgonjwa wa mapafu. Siyo kikohozi cha kunywa dawa kikaisha. Mapafu yalikwisha kuharibika, na ugonjwa ule angeishi nao maisha yake yote. Kutoka kitandani mpaka mlangoni ilibidi apumzike njiani. Daktari alimwita mumewe akamwambia wazi: "Baba, nyumba yako ikae kavu. Unyevunyevu ndio utakaomrudisha hapa. Jua likitoka hata kidogo, fungua madirisha. Usianike nguo ndani. Ukuta ukiota ukungu, usugue siku hiyo hiyo."

Mwanamume yule alisikia. Kina baba mnaotabasamu hapo nyuma, huyu alisikia. Upishi aliuhamishia kibandani nje ili mvuke wa masufuria usiingie ndani. Kuta alizisugua mwenyewe kwa brashi. Nguo zake za shamba alizianika barazani, na zisipokauka alizivaa hivyo hivyo mbichi, watu wakamwona kachanganyikiwa. Lakini mke wake akaanza kulala usingizi wa kweli, akaanza hata kumtania. Nyumba ile ilikuwa imepata nafuu.

Ikafika wiki ya Pasaka. Kwaya ilikuwa imefua majoho yake meupe, na mvua haikatiki. Wayakaushe wapi? Nyuma ya kanisa pale pale ilikuwapo nyumba yenye sebule kubwa, kavu, safi. Ya nani? Mnajua ya nani.

Wakaja na mabeseni. Mbele yao mwalimu wa kwaya, mama wa watu, mcha Mungu, anayefunga na kuomba. Mume akasimama mlangoni.

"Samahani, mama," akasema. "Daktari amekataza nguo mbichi humu ndani. Mwenzangu kifua chake mnakijua."

Mwalimu wa kwaya akamtazama kwa huruma. "Baba, hizi siyo nguo. Ni majoho."

Mmesikia? Siyo nguo, ni majoho! Kana kwamba maji yakiingia kwenye joho yanabatizwa, yakitoka hayamdhuru mtu.

Na mgonjwa mwenyewe, maskini, akaitikia kutoka chumbani kwa ile sauti yake ya kukatika: "Mwache mwalimu apite, baba. Mimi ni nani niizuie kazi ya Bwana?" Nani kati yenu angeweza kukataa? Ukikataa, kesho utaitwaje?

Wakafunga kamba sebuleni, wakazipitisha ukumbini mpaka mlangoni kwa mgonjwa. Madirisha wakayafunga yote, eti ukungu wa nje usiyarudishie majoho ubichi. Wakawasha na jiko la mkaa katikati. Kisha wakamshika mama yule mikono, wakamwombea kifua chake kwa machozi, wakaondoka. Wakamwombea, wapendwa, majoho yakichuruzika sakafuni. Mume alipofungua dirisha moja, dada mmoja wa kwaya aliyeachwa kuangalia majoho akalifunga.

Siku ya Pasaka kwaya iliingia ikimeremeta. Mchungaji akatangaza kwamba mama yetu amezidiwa, yuko hospitali na mashine ya hewa, tusimame tumwombee. Wakasimama. Mwalimu wa kwaya akaongoza, na aliomba vizuri, sitamnyima hilo.

Katikati ya maombi mume akaingia, ametoka hospitali, viatu vina tope. Akapita mpaka mbele. Hakupandisha sauti.

"Naona majoho yamekauka," akasema. "Maji yake ameyavuta mke wangu. Sasa naomba mnyamaze kidogo, mniambie nani alilifunga lile dirisha nililofungua."

Kanisa zima lilitazama chini.

Mnataka kujua kama alipona. Alirudi nyumbani, ndiyo, ila na pumzi pungufu kuliko aliyoondoka nayo. Mapafu ya namna ile hayarudishi kilichopotea.

Sasa sisi. Msiguse Biblia zenu, nitazameni mimi. Ni mara ngapi tunamsumbua mtu kwa mkono mmoja na kumwekea mikono ya maombi kwa mwingine? Tunajazana chumbani kwa mgonjwa, tunamfungia madirisha tukisema baridi itamuua, tunaimba mpaka hewa inamwishia, tukitoka tunashukuru kwamba ibada ilikuwa na upako. Daktari akisema, tunamwona hana imani. Mume akisema, tunamwona mbishi. Na mgonjwa hasemi, kwa sababu sisi tumemfundisha kwamba kutukatalia sisi ni kumkatalia Mungu. Nani alitupa ruhusa hiyo? Mimi siioni popote katika kitabu hiki.

Ratiba inasema sasa ni maombi ya wagonjwa. Leo hatuombi. Kaeni, kwaya nanyi kaeni. Kila mmoja ageuke kwa aliye karibu naye mwenye mgonjwa nyumbani, amuulize: daktari amewaambia mfanye nini, na ni nani kati yetu anayewazuia? Mjibiwe hapa hapa. Mkishajibiwa na mkanyamaza, ndipo nitajua mmeanza kuomba.