Fungu la Baba Tima

Paukwa.

Pakawa.

Paukwa nyumba, pakawa jiko. Paukwa jiko, pakawa moshi. Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo, na mwenye kikohozi akohoe sasa, maana hadithi hii husemwa polepole.

Hapo kale, Jumatano ya mwisho ya mwezi wa Mfunguo Tano, siku ihofiwayo, saa kumi na moja na nusu jioni, upepo uligeuka. Mchana kutwa ulikuwa ukivuma kutoka mlimani, mkavu, wa kupasua midomo. Saa hiyo ulisimama kama mtu aliyesahau alichokifuata. Kisha ukaanza kuvuma kutoka mtoni, wa baridi, umebeba ukungu. Na ndani ya ukungu ule akatokea farasi peke yake.

Farasi huyo jina lake Ramadi, kwa sababu rangi yake ilikuwa ya jivu. Alikuwa wa Shekuwe, mchukuzi wa chumvi, aliyekaa na mkewe Somoe na binti yao Tima katika nyumba ya mwisho ya mji, ile iliyo karibu na mto. Asubuhi ile Shekuwe alimtandika akavuka naye kwenda ng'ambo. Jioni farasi alirudi maji yakimchuruzika, hatamu zinaburutika chini, tandiko tupu.

Somoe alikuwa akikuna nazi. Akainuka na machicha mikononi.

"Ramadi, Baba Tima yuko wapi?"

Farasi akainamisha kichwa. "Mto ulikuja ghafla, bibi. Mvua ilinyesha huko juu tusikokuona. Nilikuwa nikihisi uzito wake mgongoni, kisha sikuuhisi."

"Umemwacha?"

"Sikumwacha. Niliachwa."

Watu wa mji wakatoka kutafuta. Hawakupata mtu, hawakupata nguo, hawakupata hata kiatu. Mto ulipopungua, wazee wakaja wakamwambia Somoe, "Mwenetu, mumeo ametangulia mbele ya haki. Tutamsalia sala ya ghaibu, kama asaliwavyo asiyeonekana, na wewe utakaa eda."

Somoe akasema, "Mimi sijaona maiti. Baba Tima hajafa. Amechelewa."

Wazee wakatazamana. Mke akisema mumewe yu hai, nani atamkalisha eda kwa nguvu? Wakashika fimbo zao wakaenda zao.

Basi ikawa kila jioni Somoe anapika mseto wa choroko kwa tui zito, kama alivyoupenda mumewe. Anapakua mafungu matatu: fungu lake, fungu la Tima, fungu la Baba Tima. Lile la tatu analifunika kawa, analiweka karibu na mlango, anasema, "Akija atalikuta."

Nyumba ile ilikuwa na mbwa pia, jina lake Watasema. Alilala uani, maana ile ilikuwa nyumba ya sala na mbwa hakuvuka kizingiti. Yeye na farasi hawakuacha kutaniana.

"Wewe una miguu minne mirefu," mbwa alimwambia farasi, "na kwato kama sinia, na mto ukakushinda."

"Na wewe ulikuwa wapi siku hiyo?" farasi akamjibu. "Ulikuwa umelala juani tumbo juu, unalinda nzi."

Lakini ukungu ulipopanda kutoka mtoni, wote wawili walinyamaza.

Jioni ya kwanza ukungu ukaja hadi mlangoni. Muadhini alikuwa bado hajaadhini magharibi. Sauti ikasema nje, taratibu, "Mama Tima, chakula tayari?"

Upawa ukamponyoka Somoe. Ilikuwa sauti yake hasa, na ule mkwaruzo wake wa vumbi la chumvi.

Watasema akanguruma uani. "Usiitike, bibi. Bwana wangu namjua tangu nikiwa kijibwa. Ana harufu ya jasho, na ya chumvi, na ya tumbaku. Huyu hana harufu."

"Nyamaza, mbwa," Somoe akasema. "Umezeeka, pua imeziba." Akaitika, "Tayari, Baba Tima." Akafungua mlango. Palikuwa na ukungu, na nyuma ya ukungu palikuwa na ukungu.

Asubuhi akafunua kawa. Chakula kilikuwa vile vile, hata punje haikupungua. Akaonja. Hakikuwa na chumvi, hakikuwa na nazi, hakikuwa na choroko. Ni kama kutafuna pamba. Akaonja kilichobaki chunguni, nacho ni vile vile. Akaonja chumvi yenyewe kwenye kifuu chake, nayo haikuwa na kitu.

Jioni ya pili ukungu ukaja. Sauti ikasema, "Mama Tima, moto upo? Nina baridi."

Farasi akagonga kwato bandani. "Usiitike, bibi. Alinipanda jana. Nilihisi miguu yake mbavuni, lakini hakuwa na uzito. Hata nzi akinitua namhisi. Huyu hana uzito."

"Nyamaza, farasi. Wewe ulirudi peke yako, wewe si wa kusema." Na Somoe akaitika, "Moto upo, Baba Tima. Njoo uote."

Asubuhi akawasha moto, ukawaka vizuri, miali mirefu myekundu. Akateleka maji. Jua likapanda, jua likasimama utosini, maji baridi kama yametoka kisimani sasa hivi. Akamwona Tima amechutama mbele ya mafiga. Tima ndio kwanza anang'oka meno ya utotoni. Alikuwa ametia mkono ndani ya moto na anacheka.

"Mama, tazama. Hauunguzi."

Somoe akamvuta mtoto. Akajitazama mkono wake mwenyewe. Akautia. Haukuunguza.

Mwanamke mwingine angeshtuka akakimbia. Lakini mwenye msiba husikia anachotaka kusikia. Somoe alijiambia, "Kuni ni mbichi." Alijiambia, "Ni baridi ya mto." Alijiambia, "Akishiba ataingia, na akiingia yote yatarudi." Akapika mseto usiopikika, akapakua mafungu matatu, la tatu akalifunika kawa.

Jioni ya tatu ukungu ukaja. Sauti ikasema, "Mama Tima, Tima yupo? Nipe nimpakate, nipate joto."

Hapo Somoe hakuitika. Mbwa hakusema, farasi hakusema. Lakini Tima, aliyekuwa amekaa mkekani, akasema mwenyewe kwa furaha, "Nipo, baba."

Asubuhi Tima hakuamka vizuri. Macho wazi, mwili baridi. Mama akamsemesha, akajibu kwa sauti nyembamba kama ya mtu aliye ng'ambo ya mto. Somoe akambeba akamtoa uani apate jua. Farasi akamnyooshea shingo, Somoe akamlaza mtoto kidogo juu ya mgongo wake, na farasi akatetemeka mwili mzima.

"Bibi, umeniwekea nini? Umeniwekea mtoto au khanga?"

Mbwa akaja, akamnusa Tima miguu, akamnusa mikono, akamnusa utosi. Akakaa kitako, masikio chini.

"Sema," Somoe akamwambia. "Leo sitakunyamazisha."

"Harufu yake inaondoka, bibi. Jana ilikuwa nyumba nzima. Leo mpaka nimguse. Kesho sijui."

Ndipo Somoe alipokimbia, kichwa wazi, mtoto begani, hadi kwa Bi Mwaka. Bi Mwaka alikuwa mwosha maiti wa wanawake wa mji ule, bibi wa maneno makavu. Alimgusa Tima shavu, akamfunika nguo tatu, akamsikiliza Somoe mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Ni yeye," akasema.

"Kwa hiyo yu hai?"

"Mwanangu, nimesema ni yeye. Sikusema yu hai. Si jini huyo, wala si zimwi. Ni mumeo, na hajui kama amekufa."

Somoe akakaa chini.

"Maiti huambiwa," Bi Mwaka akasema. "Akishafukiwa, mtu hukaa kichwani pa kaburi akamsomea talkini. Humwita kwa jina lake na jina la mama yake, akamwambia: jua ya kwamba umekufa. Humfundisha la kuwajibu malaika. Sasa wako nani kamwambia? Kaburi hana. Kila jioni anasikia harufu ya mseto, anajiona amechelewa tu, anarudi kwake. Na wafu wana baridi, mwanangu. Hachukui kwa ubaya. Anachukua kwa baridi."

"Nimwite mwalimu amsomee."

"Kwa mwalimu atafuata nini? Anakuja jikoni kwako. Utamwambia wewe."

"Nimtaje jina?" Somoe akajishika mdomo. "Tangu arusi sijalitaja. Namwita Baba Tima. Kabla ya Tima kuzaliwa nilikuwa nakohoa tu ageuke."

"Mimi wangu nilimtaja kila siku, tena kwa kelele, na dari haikuanguka," Bi Mwaka akasema. Kisha akalegeza sauti. "Mama yake akiitwa nani?"

"Mwanasiti."

"Haya. Sema maneno haya nyuma yangu mpaka uyashike."

Jioni ile Somoe hakupika. Alimlaza Tima kitandani, akashika mlango aufunge.

"Bibi," mbwa akasema kutoka uani, "leo niruhusu nilale kizingitini."

"Lala."

Watasema akajinyoosha kizingitini kwa ndani, pua kwenye mwanya wa chini ya mlango, na Somoe akafunga kwa komeo akakaa nyuma ya mlango. Farasi akaja akasimama ubavu mbele ya mlango. Ukungu ukapanda kutoka mtoni, ukaingia uani, ukafunika kisima, ukafunika banda, ukafunika miguu ya farasi hadi magoti.

"Mama Tima," sauti ikasema. "Nimemfuata Tima. Kuna kiza, simwoni. Mbona mlango uko mbali leo? Natembea, natembea, natembea, sifiki."

Somoe alijua kwamba neno moja lingemfikisha. Karibu. Angesema karibu tu, mlango ungekuwa hapo, na mkono ule aujuao ungesukuma. Nyuma yake kitandani Tima alipumua, na pumzi iliyofuata ikachelewa.

Akasema, "Ewe Shekuwe mwana wa Mwanasiti."

"Nani ananiita hivyo?"

"Ni mimi mkeo."

"Wewe huniiti hivyo."

"Ewe Shekuwe mwana wa Mwanasiti, jua ya kwamba umekufa."

"Nimechelewa tu," sauti ikasema. "Mto ulijaa maji."

"Ewe Shekuwe mwana wa Mwanasiti, jua ya kwamba kifo ni haki, na kaburi ni haki, na kufufuliwa ni haki. Watakujia malaika wawili. Wasikutishe, nao ni viumbe kama wewe. Wakikuuliza, nani Mola wako? Sema, Mola wangu ni Allah. Wakikuuliza, nani Mtume wako? Sema, Mtume wangu ni Muhammad. Wakikuuliza, nini dini yako? Sema, dini yangu ni Uislamu."

Alisoma mara ya kwanza, mkono juu ya komeo. Alisoma mara ya pili, machozi hayamtoki. Alisoma mara ya tatu, na farasi nje akapiga magoti.

"Unanifukuza, Mama Tima?"

"Sikufukuzi. Nakusindikiza."

"Nina njaa."

"Fungu lako nitalitoa sadaka. Watakula wenye njaa, na thawabu zitakufikia. Hapa pasikuite tena."

Ukungu ulikuwa ukipumua chini ya mlango.

"Ramadi alirudi?" sauti ikauliza.

"Alirudi."

"Hakuumia?"

"Hakuumia."

"Mpe maji ya kisima. Ya mto yana tope siku hizi." Kisha ikasema, "Basi Tima asinifuate."

"Hatakufuata."

Somoe akasikia shahada ikisomwa nje. Akaisikia penye kisima. Akaisikia penye njia ya mto. Akaisikia mbali, ikawa si sauti tena, ikawa ni mvua, mvua ya kawaida, inapiga makuti.

Watasema akageuza kichwa ndani. Akavuta pumzi ndefu. "Bibi," akasema, "mtoto ananuka jasho."

Somoe akaenda kitandani. Tima alikuwa moto kama mkate uliotoka tanurini, amekunja uso.

"Mama, nina njaa. Na huyu mbwa mbona yumo ndani?"

"Simo ndani," Watasema akasema. "Nimo kizingitini. Tusigombane."

Kesho yake watu walisimama safu tatu uwanjani katika manyunyu, na mbele yao hapakuwa na jeneza. Wakamsalia Shekuwe sala ya ghaibu. Nyumbani moto haukuwashwa, kama ilivyo desturi ya nyumba yenye msiba, na jirani wakaleta sinia, na wapita njia wakaitwa wakala. Somoe alikaa ndani, amevaa nguo za eda. Bi Mwaka akaketi naye mkekani.

"Uso wake uliuona?"

"Sikuuona."

"Mlango ulifungua?"

"Sikufungua, Bi Mwaka. Alikuwa hapa, na mimi hapa. Sikufungua."

Bi Mwaka akamshika kichwa akamlaza kwenye paja lake, na hapo ndipo Somoe alipolia, kwa mara ya kwanza tangu upepo kugeuka, akimtaja kwa jina lake, Shekuwe, Shekuwe, Shekuwe, na hakuna aliyemkataza.

Hadithi yangu nimeifikisha hapa, na hapa naitua. Iliyo nzuri chukueni, iliyo na kasoro niachieni.

Ewe Mola, warehemu waliotutangulia, waliozikwa na wasiopatikana, wa nchi kavu na wa majini. Wape joto walipo na baridi, wape nuru walipo na kiza, uyapanue makaburi yao wasiokuwa nayo na walio nayo. Na sisi tuliobaki, tupe moyo wa kuwaachia. Amina.