Nungunungu na Ghala la Waliopinduana

Paukwa!

Pakawa.

Wa nyuma mnaitika kama waliofumaniwa. Paukwa!

Pakawa, tumesikia, tupe.

Hapo zamani za kale, katika nchi ya wanyama, Mfalme Tembo alilinda ghala la wote. Humo mlikuwa na mtama wa kula na mtama wa mbegu, na wa mbegu haukuguswa hata njaa iume vipi. Nungunungu, mjane mwenye wana watatu, hakuwa mwepesi wa kuamini. Mbegu zake alizitundika darini mwake, juu ya moshi wa jiko, wadudu wasizitoboe.

Asubuhi moja ngoma ikalia, ti, ti, ti! Fisi na askari wake wamempindua Tembo. Fisi akakaa kitini, akatangaza, "Tembo aliwabania. Ghala ni lenu, kuleni."

Wanyama wakashangilia. Nungunungu akawatazama askari, akaona magunia yao yameshajaa.

"Na mbegu?" akauliza.

"Mbegu baadaye, mama."

Haukupita muda, ti, ti, ti! Ngiri kampindua Fisi. "Fisi kawaibia. Ghala ni lenu, kuleni."

"Na mbegu?"

"Mbegu baadaye, mama."

Nungunungu akarudi kwake miiba imemsimama.

Ti, ti, ti! Nyani kampindua Ngiri. Akafungua ghala, akakuta vumbi na panya mmoja aliyekonda. "Ghala ni lenu," akasema, akaurudishia mlango.

Safari hii Nungunungu hakuuliza kitu. Alijua sasa askari ndio watakaouliza. Akashusha mbegu zote, akashika jembe, akazipanda juani kwenye udongo mkavu.

Jirani yake Digidigi akamcheka. "Mwenzangu, unapanda vumbini? Mvua isipokuja?"

"Darini zitachukuliwa. Humu zina bahati yake." Lakini alikuwa na hofu, maana wanawe hawakuwa na kingine.

Kesho yake Nyani akatangaza kwamba mbegu za majumbani ni mali ya serikali. Askari wakapekua dari, wakapekua jiko, wakapekua uvungu.

"Mbegu ziko wapi, mama?"

"Si mlisema baadaye?"

Wakaondoka wakikanyaga shamba lenyewe. Hawakuwahi kulima, kwao ule ulikuwa uwanja tu.

Mvua ikachelewa, lakini ikaja. Mtama ukaota, ukakomaa. Majirani wakamjia vichwa chini, naye akampa kila mmoja konzi ya mbegu, akimtazama machoni. "Hii hailiwi."

Ti, ti, ti! Chui kampindua Nyani. "Ghala ni lenu, kuleni."

Hakuna aliyeshangilia. Digidigi akaanza, wote wakafuata, "Na mbegu?"

Chui akawageukia askari wake. Askari wakatazama magunia yao, yaliyokuwa bado matupu.

Basi, anayewaalika kula kabla hajawaambia mtapanda nini, mchungulieni magunia kwanza.

Ngano yangu imekomea hapo. Ikiwa tamu bebeni, ikiwa chungu niachieni. Na mtu anisindikize nyumbani, maana yule anayepiga makofi sana kule nyuma simjui, na darini kwangu kuna mtama.