Kwa Nini Barafu Hubisha Hodi

Enzi ambazo hakuna aliye hai leo wa kuzishuhudia, barafu hakuishi juu kule mlikotoka kumtazama. Alishuka mpaka kwenye uwanda huu wa mawe, hapa hapa kilipo kibanda cha wapanda mlima, akajilaza hadi ubavu wake ukagusa ukuta wa nyumba. Maana nyumba ilikuwapo hata siku hizo. Ilikuwa ya Manka, mwanamke aliyeachiwa na wazazi wake kazi moja tu: kumwashia moto kila mpita njia aliyevuka mlima na mzigo wake wa magadi. Sheria ya nyumba ilikuwa fupi. Mgeni akibisha hodi, anakaribishwa. Akiingia, anasogezwa motoni mpaka kigoda chake kinakaribia mafiga, na akishasogezwa, hakatai.

Manka alikuwa hodari wa kazi hiyo, na mdomo alikuwa nao. Aliwatania wabeba magadi kwa visigino vyao vilivyopasuka, nao wakamtania kwa uji wake ulionuka moshi, na vicheko vikasikika mpaka nje. Kisha watu wa chini wakapata njia mpya ya kuuzunguka mlima badala ya kuuvuka. Ilikuwa ndefu, lakini haikuua mtu kwa baridi. Wiki ikapita bila hodi, ukapita mwezi, ukapita msimu mzima wa mvua. Manka akaanza kuzungumza na chungu. Upweke ulimuuma, wala hakuuficha. Alilia mchana kweupe, kwani nani angemwona?

Kaka yake, Mteri, akapanda kumjulia hali.

"Dada, shuka," alimwambia. "Moto huu anauota nani?"

"Na akija mtu akakuta nyumba imepoa?"

"Haji mtu, dada yangu. Mwezi ukiandama nitakuja kukuchukua, hata nikubebe mgongoni."

Manka akamsindikiza mpaka mlangoni. Huko chini angekuwa dada wa Mteri tu, wa kukaa pembeni na kuonewa huruma. Hapa alikuwa mwenyeji, ilimradi apatikane mgeni, hata mmoja.

Mteri hajaufikia hata msitu, alasiri ile ile, pakasikika mlio ukutani: ko, ko.

"Hodi."

"Karibu! Karibu ndani!" Manka aliurukia mlango nusura aung'oe. Aliyesimama nje alikuwa barafu.

Msicheke. Hata ninyi, mngekaa msimu mzima bila kuitwa jina, mngemfungulia. Barafu alikuwa amesikiliza vicheko vya nyumba ile kupitia ukutani miaka na miaka, na vilipokoma, yeye pia alibaki peke yake. Kwa kuwa mwili wake ulikuwa mkubwa kuliko nyumba, aliingiza mguu mmoja tu. Manka akamvutia kigoda, akamsogeza motoni kama sheria ilivyotaka, akaongeza kuni. Wakazungumza mpaka jua likaanza kutua. Barafu alikuwa na habari nyingi, zote za mawingu, na Manka alizisikiliza zote.

Akaja kesho yake, na keshokutwa, na kila alasiri iliyofuata. Kila alipoondoka aliacha sakafu imelowa, na Manka akaipangusa akiimba, akidhani mgeni wake anatoka jasho kwa haya. Huko chini mifereji ya mashambani ikajaa maji, watu wakashangilia bila kujua yanatoka wapi.

Siku ya ishirini Manka alikwenda nyuma ya nyumba kuanika ngozi, akaona ukuta wake una jua. Ukuta ule haukuwahi kupigwa na jua tangu ujengwe. Akainua macho. Barafu alikuwa mbali, amekonda, anajikokota kuja kwake kwa mguu ule mmoja.

"Mbona hukuniambia?" Manka alipiga kelele. "Mbona uliukubali moto?"

"Kila mgeni ulimpa moto," barafu akajibu. "Na mimi nilitaka kupewa."

Manka akaokota jiwe akamtupia. Akatupa la pili na la tatu, huku analia, akimwambia aondoke, apande, asikanyage tena mlangoni pake. Barafu akarudi nyuma, akapanda mpaka akakifikia kilele. Manka akabaki na mawe mkononi.

Kumfukuza mgeni kulikuwa kosa ambalo nyumba ile haikuwahi kulitenda. Kwa hiyo Manka akateremka nusu siku hadi ukingoni mwa mashamba, akachuma jani la isale, ambalo kwetu hutumika kuombea msamaha, na anayepelekewa hana ruhusa ya kukataa. Akapanda nalo, akaipita nyumba yake, akaenda kulilaza miguuni pa barafu.

"Nimesamehe," barafu akasema. "Lakini kwako siji tena. Nitakwisha."

"Sasa nitajuaje kama upo?"

"Nitabisha hodi. Wewe itikia tu. Usinifungulie."

Mwezi ulipoandama Mteri alifika na kamba ya kufungia mizigo. Alimkuta dada yake kando ya moto mdogo, ameugeuzia uso mlima. Akaketi naye. Ilipofika alasiri kilele kikalia, ko, na Manka akaitikia, "Karibu, hapo hapo ulipo." Mteri akamtazama dada yake usoni kwa muda. Kisha akaikunja kamba yake, akashuka peke yake.

Na tangu siku hiyo barafu hukaa juu, na jua la alasiri likimpata hupasuka kwa mlio wa mtu anayebisha. Naye anayeshika jiko katika kibanda hiki, awe mpishi au mpagazi, huacha anachofanya akaitikia kwa maneno ya Manka. Ndiyo maana leo mmemsikia mpishi wetu akimkaribisha mtu ambaye hamkumwona, mkatazamana. Miaka hii mlio umekuwa mdogo, kwa sababu barafu amepungua, nanyi mmejionea. Zipo alasiri ambazo hatusikii kitu. Basi tunaepua chungu ili kisichemke, tunatega masikio, halafu tunaitikia vilevile.