Hodi Tatu za Bibi Mwantumu

Mwenye kelele hasikii hodi.

Msemo huo mmeusikia leo asubuhi kwa jirani yetu Bi Rehani. Amesimama hapo ukumbini akapiga hodi, na kila mmoja wenu kainamia simu yake, hakuna aliyeinua kichwa. Akausema, akaenda zake, nanyi mkacheka. Mnadhani ni maneno ya wahenga walioishi kabla ya umeme. Hata kidogo. Msemo huo ulizaliwa hapahapa Korogwe, nyumbani humu, na aliyesababisha uzaliwe ni mimi bibi yenu. Mmeniuliza asili yake, basi nitawaeleza, ila mtu asinikatize.

Miaka ile televisheni ndiyo kwanza ilikuwa inaingia mjini kwetu. Babu yenu Mhina, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa mashine kwenye shamba la mkonge. Mashine ya kusaga mkonge hunguruma kutwa nzima, na mtu aliyeishi nayo miaka kumi na tano hupaza sauti hata akiomba chumvi mezani. Aliponunua televisheni aliifungulia kwa sauti aliyoweza kuisikia yeye, na sisi wengine tukaizoea. Watoto wangu walikuwa watatu: Zaina, mama yenu, miaka kumi na miwili, Abasi, miaka tisa, na Tunu, miaka sita. Mtaa mzima haukuwa na televisheni nyingine. Nami, niseme ukweli, nilijisikia. Nilipenda ile sauti itoke mpaka barabarani ili watu wajue ni kwa Mama Zaina.

Mama yake Mhina aliitwa Bibi Mwantumu. Alikuwa anaishi kijijini, mwendo wa saa mbili kwa basi. Mwezi wa Ramadhani mwaka ule alikuja kufunga nasi, maana presha ilikuwa inamsumbua na Mhina alitaka awe karibu na hospitali. Alikuwa mama wa maneno machache na hadithi nyingi. Kila baada ya futari alianza hadithi, na kila alipoanza, watoto walikuwa wamekwisha kaa mbele ya televisheni na mgongo wamempa yeye.

Usiku mmoja, Ramadhani ikiwa inakaribia kwisha, alitaka kumeza dawa.

“Tunu, mjukuu wangu, niletee maji.”

Tunu hakugeuka. Akamwita Abasi, naye hakugeuka. Alipoita tena, nilimjibu mimi, macho yangu yakiwa palepale kwenye kioo: “Subiri kidogo, mama, inaisha sasa hivi.”

Haikuisha sasa hivi. Alikaa na vidonge kiganjani mpaka vikaanza kulainika kwa jasho, kisha akainuka, akashika ukuta, akaenda mwenyewe mtungini. Aliporudi aliniambia, “Mama Zaina, mwezi mzima nimekaa na watu wasiogeuza shingo. Makaburini angalau mtu hategemei kuitikiwa.”

Nilikuwa kijana na mdomo ulikuwa mwepesi. Nikamjibu, “Basi mama, kama hapa ni makaburini, rudi kwa walio hai.”

Mnanitazama hivyo kwa nini? Ndivyo nilivyosema. Mhina alikuwa msikitini kwa tarawehe, hakusikia. Asubuhi Bibi Mwantumu alifunga mzigo wake, akaaga watoto, akaondoka. Sikumsindikiza hata hatua moja. Mkwe ni mzazi wako, na kumwacha mzazi aende kituoni peke yake na mzigo mkononi ni kumfukuza mara ya pili.

Mhina alipojua hakunipiga wala hakunigombeza. Alisema tu, “Nenda ukamwombe radhi mama. Yule ni mgonjwa.” Nikajibu nitakwenda Jumamosi. Zikapita Jumamosi kumi na sita. Kila moja ilikuwa na sababu yake, mara mtoto ana mafua, mara nguo hazijakauka. Ukweli ni kwamba niliona aibu, na juu ya aibu nikaweka kiburi. Lakini kila nilipoweka kichwa kwenye mto nilijiuliza itakuwaje kaburi likiingia kati yetu kabla ya radhi.

Sasa sikilizeni habari ya hodi. Siku hizi mnapiga simu mtu akiwa mlangoni. Sisi tulifundishwa kwamba hodi ni tatu. Unapiga ya kwanza, unangoja. Unapiga ya pili, unangoja. Ukipiga ya tatu usijibiwe, unageuza, na husukumi mlango wa mtu hata kama unasikia watu ndani. Huenda hawako katika hali ya kupokea mgeni, huenda hawakutaki. Vyovyote iwavyo, jibu umelipata.

Jumapili moja alasiri televisheni ilikuwa inaonyesha vichekesho. Nilikuwa nimetia komeo mlangoni, kwa kuwa watoto wa majirani walikuwa wanaingia na miguu ya matope wakinichafulia mkeka. Tulikuwa ndani sote watano, na tulicheka siku ile mpaka Abasi akapaliwa.

Kesho yake asubuhi nilimkuta Bi Rehani bombani. Akaniuliza, “Jana mlikuwa na nini na mkweo?”

“Mkwe gani?”

“Una wangapi? Bibi Mwantumu alikuwa mlangoni kwako. Nilikuwa naanua nguo, nikamwona anaondoka. Nikamwambia, ‘Mama, hawapo?’ Akasema, ‘Wapo. Nimepiga hodi tatu. Ya tatu wamenijibu kwa kicheko.’ Nikamwambia apumzike kwangu, akakataa. Alikuwa anatembea na fimbo, dada.”

Ndoo ilijaa ikamwagika na mimi nimesimama. Mama mtu mzima, mgonjwa, niliyemkosea mimi, alikuwa amepanda basi akanifuata. Nikamfungia komeo na kumcheka. Nililia palepale bombani mbele za watu, na sikujali nani ananiona.

Mhina alikwenda kijijini siku ileile. Aliporudi alikaa kitandani, kofia mkononi, akanieleza. Alikuwa amemwapia mama yake kwamba hatukumsikia, kwamba kile kicheko kilikuwa cha vichekesho. Mama akamjibu, “Hiyo ni mbaya zaidi, mwanangu. Adui angenisikia, akanifukuza, nikajua moja.” Kisha akasema, “Na wewe sina neno. Nikipata nguvu nitakuja kupiga hodi tena.”

“Basi ile televisheni izimwe,” nikasema. “Isiwashwe mpaka mama aje na hodi yake isikike.”

Mhina akaing’oa waya, akaifunika na shuka. Watoto tuliwaeleza sababu. Abasi aliuliza, “Na kama bibi hatakuja?”

Msidhani tulipata raha. Siku za mwanzo zilikuwa ngumu. Jioni ya kwanza watoto walikula, wakanawa, wakakaa kwenye mkeka wakiitazama shuka. Jioni ya pili Abasi na Zaina walipigana kwa ajili ya kijiko. Tunu alilia mpaka akalala. Watoto wa majirani waliacha kuja, nikajua kumbe hawakuwa wanatupenda sisi. Mimi na Mhina ndio tuliokuwa na hali mbaya kuliko watoto. Watu wawili wenye watoto watatu, tumekaa tunatazamana. Akasema mvua imechelewa. Nikasema kweli imechelewa. Tukaishia hapo.

Halafu kidogo kidogo masikio yakafunguka. Nilisikia Mhina anavyopumua kwa shida akipanda ngazi ya mlangoni. Vumbi la mkonge lilikuwa limemwingia kifuani na mimi mkewe sikuwa na habari. Nilimsikia Zaina akiimba jikoni, na sikujua kama mwanangu ana sauti. Abasi aliomba hadithi, nikajaribu moja ya Bibi Mwantumu. Nilikwama katikati, kwa sababu nilikuwa sijawahi kuisikiliza mpaka mwisho. Zaina akasema naye haijui. Ile hadithi ilikuwa imesimuliwa sebuleni kwetu mwezi mzima, na watu watano hatukuweza kuimaliza.

Na hodi zilikuwa nyingi! Tunu alijipa kazi ya kukaa karibu na mlango. Kila hodi aliruka, “Karibu, bibi!” na kila mara alikuwa mtu mwingine. Mama mmoja wa mtaa wa pili aliingia, akakaa, akasema, “Leo mmenisikia. Mwezi uliopita nilikuja mara mbili kuwaita kwenye maulidi, nikadhani mmeniona sifai.” Niliomba msamaha, na moyoni nikajiuliza wako wangapi waliogeuza pale mlangoni na mimi naendelea kucheka.

Siku ya kumi na mbili asubuhi ikapigwa hodi ya mwanamume. Alikuwa Athumani, mume wa dada yake Mhina, ametoka kijijini. Hakukaa.

“Mama hainuki kitandani,” akasema. “Tangu juzi hali chochote. Sauti nayo inakwenda.”

Nilikuwa nimekaa siku kumi na mbili nikingoja hodi. Nilidhani kuzima televisheni kumetosha, kwamba kazi yangu ni kunyamaza na kusikiliza, na yule mgonjwa ndiye ashike fimbo aje tena. Mhina akanitazama. “Na mimi alikwisha sema hana neno,” akasema. “Tangulia wewe. Nitakuja na watoto jioni.”

Nikapanda basi la kwanza nililolipata. Nilifika jua likiwa limepanda. Nyumba ilikuwa kimya, mlango umeegeshwa. Wifi yangu alikuwa kisimani. Nikasimama nje na vumbi langu miguuni, na kwa mara ya kwanza nikajua alivyojisikia yeye mlangoni kwangu.

“Hodi,” nikasema.

Kimya.

Nikangoja. “Hodi, mama.”

Kimya. Kuku alipita kati ya miguu yangu. Ilikuwa imebaki moja, na nikiisema nisijibiwe, nilitakiwa nigeuze. Mlango ulikuwa wazi kiasi cha mkono kupita, lakini mkamwana haingii chumbani kwa mkwe bila kuitwa, hata akiwa ametoka mbali, hata akiwa analia. Niliogopa kuisema ile ya tatu. Nikafumba macho nikasikiliza kwanza, kama Tunu alivyokuwa akisikiliza pale mlangoni kwetu.

Na nikasikia. Ilikuwa sauti ndogo kuliko ya kamba ya kitanda inayolia mtu akijigeuza. Siku kumi na mbili kabla yake nisingeisikia, hata kama ningewekewa sikioni.

“Karibu.”

Niliingia nikapiga magoti kando ya kitanda. Alikuwa amekonda, macho tu ndiyo yaliyokuwa yake. Akasogeza midomo, nami nikainama.

“Nimeitikia tangu ya kwanza,” akasema.

“Sikusikia, mama. Nisamehe. Nisamehe kwa hii, na kwa zile tatu, na kwa maneno niliyokwambia Ramadhani.”

Alitafuta pumzi. “Nimekuridhia. Ile Jumapili nilikuwa nimekuja kwa hilo. Nilijiona hali yangu, nikasema nisife nikamwacha mtoto wa watu na mzigo.”

Nikaweka kichwa changu mkononi mwake. Fikirini: radhi niliyokuwa naitafuta na kuikimbia miezi minne ilikuwa imeletwa mpaka mlangoni kwangu, nayo ikageuka ikarudi.

Baada ya muda akaniuliza, “Siku ile kweli hukunisikia? Uko ndani, mimi niko nje, mlango tu kati yetu?”

“Wallahi sikusikia, mama.”

“Basi ni kweli,” akasema. “Mwenye kelele hasikii hodi.” Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mtu aliyepata jibu la jambo lililokuwa linamnyima usingizi. Akafumba macho, akashika vidole vyangu, tukakaa hivyo mpaka Mhina alipofika na watoto.

Alikaa siku tano zaidi. Kila siku watoto walimzunguka kitandani, masikio karibu na mdomo wake, na ile hadithi wakaipata mpaka mwisho wake. Mama yenu anaijua, mwambieni awasimulie. Siku ya sita alfajiri alituacha. Matangani Mhina aliwaeleza watu maneno ya mama yake, Bi Rehani akayabeba akayaleta mtaani, na kutoka hapo yamesambaa mpaka yamewafikia nyinyi ambao hata hamkumjua.

Televisheni tuliiwasha tena baada ya arobaini. Sikuitupa, mimi si mtu wa maonyesho. Mhina alilalamika kwamba haisikii, nikamwambia akae karibu nayo.

Lakini kuna jambo lililonichukua miaka kulielewa. Ile miezi minne, Mhina aliponiambia kila wiki, “Nenda kwa mama,” mara nyingi televisheni ilikuwa imezimwa. Nyumba ilikuwa kimya kabisa, na bado sikumsikia. Kelele ilikuwa yangu mwenyewe, ya kujitetea moyoni kwamba aliyeanza ni yeye, kwamba sina kosa kubwa, kwamba Jumamosi ijayo nitakwenda. Bibi Mwantumu alikuwa ananipigia hodi wakati wote huo, akiwa kijijini kwake, kitandani kwake, na mimi nilikuwa naongea peke yangu.

Mwenye kelele hasikii hodi.