Mtu Aliyesindikiza Wote kwa Daktari wa Meno

Wapendwa, kaeni vizuri. Mlio nje kwenye viti vya plastiki sogeeni karibu na madirisha, maana asubuhi ya leo nataka kuwapa habari za meno, na habari za meno hazisikilizwi kwa sikio moja.

Palikuwa na mtu mmoja, muuza mbegu katika mji mdogo wa milimani, kule ambako asubuhi kila mtu anatoa moshi mdomoni hata kama havuti sigara. Mahindi, maharage, kabichi, karoti, mbegu zote alikuwa nazo. Lakini mji haukumjua kwa mbegu. Ulimjua kwa kusindikiza. Mtu akishikwa na jino, akianza kuzunguka uani huku ameshika shavu, watu walimwambia, "Nenda kwa muuza mbegu, atakupeleka."

Na kweli alikupeleka. Alifunga duka lake bila kinyongo, akakushika mkono mpaka kwa daktari wa meno. Alimpeleka mkewe. Aliwapeleka wanawe. Alimpeleka jirani yake fundi cherehani, na yule mwanakwaya wa sauti ya nne, jitu zima lenye kifua kama ngoma, aliyelia njia nzima. Na wote aliwaambia maneno yaleyale: "Usiogope. Ni kama kung'atwa na siafu mmoja tu, na huyo siafu mwenyewe ni mzee." Mgonjwa akacheka, akaingia, mlango ukafungwa. Muuza mbegu akabaki kwenye benchi.

Hapo kwenye benchi ndipo ninapotaka mumtazame. Wengine wakisubiri husinzia. Yeye hakusinzia. Alitega sikio kwenye ule mlango, akasikiliza kila chombo kinachowekwa kwenye sahani ya chuma. Na mgonjwa akitoka tu, alimvamia kwa maswali. "Alianza na nini? Sindano aliipitisha upande wa shavu au upande wa ulimi? Ile mashine ukiwa ndani inalia kama cherehani au kama nyuki? Kile kiti kinalala mpaka wapi?" Mgonjwa wa watu shavu limekufa ganzi, anajibu kwa vidole. Muuza mbegu anaitikia kwa kichwa, anaweka akilini. Miaka ikapita, akayajua mambo ya chumba kile kiasi kwamba ungedhani yeye ndiye aliyekipanga.

Sasa jiulizeni pamoja nami. Mtu anayejua yote haya, mbona ukimpa muwa anautafuna upande mmoja? Mbona maji ya baridi anayanywa amelaza kichwa begani? Na mbona mfuko wake wa shati unanuka karafuu?

Ah, naona mmeshamkamata. Ndiyo, alikuwa na gego lililooza, huku chini kushoto, lenye shimo la kuingiza punje nzima ya mtama. Kila jioni alisaga karafuu, akaifunga kwenye pamba, akaliziba. Na ule mlango hakuwahi kuuvuka. Mkewe alimuuliza siku moja, "Na wewe, baba watoto, utaingia lini?" Akajibu, "Mimi nikiingia, watu nani atawashika mkono?" Jibu zuri hilo! Ukilisikia haraka haraka, unaweza kusimama ukampigia makofi.

Alikuwa anaogopa nini hasa? Hili swali limenisumbua wiki nzima, nawaambieni ukweli. Sindano? Alishachomwa za malaria tangu utotoni, hajawahi kulalamika. Maumivu? Maumivu alikuwa analala nayo na kuamka nayo. Mimi nafikiri aliogopa kitu kingine. Aliogopa kulazwa chali, mdomo wazi, hawezi kusema neno, halafu mtu mwingine amulike taa mle ndani na kuona alichokuwa anakificha. Kwenye benchi msemaji alikuwa yeye. Kwenye kile kiti angekuwa wa kutazamwa.

Basi, mvua za kupandia zilipokaribia, mama mkwe wake akaletwa kutoka kijijini. Taya limevimba mpaka chini ya sikio. Ugali ulishamshinda, hata uji alikuwa anaupitisha kwa shida. Na yule mama alikuwa wa watu wanaoshika heshima ya ukwe kwelikweli. Mbele ya mkwewe hali chakula, na akizungumza huziba mdomo kwa upindo wa kitenge, mkwe asimwone meno. Ninyi wa zamani mnaijua heshima hiyo.

Wakampeleka, muuza mbegu na mkewe. Daktari, mwanamke wa makamo, akatoka mpaka kwenye benchi, akaushika ule uvimbe taratibu. Akasema, "Mama, huu umeanza kushuka. Ukifika shingoni utakuziba pumzi. Usirudi nyumbani nao. Nikimaliza na huyu aliye ndani, nakuita wewe."

Muuza mbegu akaanza kazi yake. Akamweleza sindano, akamweleza kiti, akamweleza siafu mzee. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho, kitenge mdomoni. Kisha akasema, "Baba, nimekusikia. Naweza kukuuliza kitu?"

"Uliza, mama."

"Mtu akilala pale, mdomo wazi muda wote huo, mate yanakwenda wapi?"

Msicheke! Hilo ni swali la mtu mzima mwenye haya zake. Yeye hakuwa na shida na koleo. Alichowaza ni kutokwa na udenda mbele ya watoto wa watu. Na muuza mbegu akapekua akilini mwake, akapita kwenye sindano, akapita kwenye mashine, akapita kwenye kiti. Kote huko mate hayakuwepo. Hakuwahi kumuuliza mtu habari za mate.

"Mate... yanakwenda tu, mama. Hayana tatizo."

"Yanakwenda wapi?"

Akageukia ule mlango uliofungwa, kana kwamba jibu liko nyuma yake.

"Wewe ulipolala pale, ya kwako yalikwenda wapi?"

Wapendwa, hapo angeweza kudanganya. Nani angejua? Akamtazama mkewe. Mkewe akatazama ukutani, kwenye picha ya mtoto anayepiga mswaki. Mtu wa watu akainamisha kichwa.

"Mama, mimi sijawahi kuingia."

"Na watu wote hawa uliowaleta?"

"Niliwaleta tu, mama."

"Na hiyo karafuu ninayoinusa kila ukifungua kinywa?"

Yule mama akachukua mkoba wake, akasimama, akijishika ukuta kwa udhaifu. "Nirudisheni nyumbani," akasema. "Mnipeleke mahali ambapo hata anayenipeleka anapakimbia? Siendi." Akaanza kutembea kuelekea mlango wa nje, na uvimbe wake vilevile. Binti yake akamshika nguo, akaanza kulia kama mtoto, "Mama, utakufa. Mama, tafadhali." Mama akaendelea kutembea.

Muuza mbegu akaona kabisa kinachokwenda kutokea. Angemsindikiza mama huyu mara mbili. Leo nyumbani, na baada ya siku chache kaburini. Mlango wa daktari ukafunguka, aliyekuwa ndani akatoka, na muuza mbegu akajisikia anasema, kwa sauti ambayo hakuitambua, "Daktari, nianze mimi."

Daktari akashangaa. "Wewe? Nilidhani meno yako ndiyo mazima kuliko yote mji huu."

"Linaniuma tangu kabla hujahamia hapa."

Akaingia. Akalala kwenye kile kiti alichokijua kwa masimulizi, kikashuka naye chini zaidi ya alivyosimuliwa. Taa ikawaka juu ya uso wake. Daktari akasema, "Fungua mdomo."

Mdomo ukagoma. Mtu kafunga taya kana kwamba kuna mtu anataka kumwibia ulimi. Daktari akangoja. Akangoja tena. Kisha akasema kwa upole, "Mzee wangu, humu ndani nina vyombo vya kila namna. Cha kufungua mdomo wa mtu asiyetaka sina."

Na yule mtu, kwa kuwa udadisi ulikuwa damuni mwake, hata katika hofu ile macho yake yalikuwa yanazunguka. Akaona kimpira chembamba kimening'inia kando ya kiti, ncha yake imepinda. Akauliza kwa meno yaliyofungwa, "Hicho nacho cha nini?"

"Hiki? Cha kufyonza mate."

Akaanza kucheka! Kicheko kikampanda kutoka tumboni, hakukizuia, na mtu hawezi kucheka vile huku amefunga mdomo. Taya likaachia. Daktari naye hakupoteza muda, akakitia kile kimpira, akamulika taa.

Nisiwadanganye kama alivyowadanganya wenzake. Sindano ilimuuma kuliko siafu. Lakini ilipita upesi, upesi kuliko ile miaka yote ya kuiogopa. Shavu likawa zito, likawa kama la mtu mwingine. Alisikia gego linavutwa, hakusikia linauma. Kisha pamba, na amri moja: "Uma hapo kwa nguvu. Usiongee mpaka nikuambie."

Akatoka. Mama mkwe alikuwa bado kwenye mlango wa nje, maana alisimama aliposikia mkwewe anaingia, mkoba mkononi, binti amemng'ang'ania. Na huyu bwana aliyekuwa na maneno ya kumtuliza kila mtu, leo hana hata neno moja. Anataka kueleza, hawezi. Yule mama akamtazama juu mpaka chini, akauliza, "Mate?"

Akakunja kidole, akakining'iniza pembeni ya mdomo kumwonyesha kile kimpira. Na katika kuonyesha huko, pamba ikasogea. Udenda, tena wenye damu, ukamtoka. Ukashuka kidevuni, ukadondoka kwenye shati. Mbele ya mama mkwe! Aibu ikampanda mpaka masikioni, na mkono wa kujifutia hautoshi.

Sasa sikilizeni. Yule mama akauachia upindo wa kitenge uliokuwa umeziba mdomo wake. Akaushika, akamsogelea mkwewe, akamfuta kidevu kwa upindo uleule. Uso wake wazi, meno yake yanaonekana, uvimbe wake unaonekana, hajali. Akamwambia, "Pole, baba. Nishikie mkoba." Akaingia ndani peke yake, akafunga mlango.

Maneno yote ya siafu hayakumwingiza yule mama. Kilichomwingiza ni mtu asiyeweza kusema, anayechuruzika udenda, ambaye alikuwa ametoka kule.

Sasa na sisi je? Mnadhani nimekuja hapa kuwahubiria meno? Sisi ni watu wa benchi, wapendwa. Jamani, tunajua kusindikiza! Tunaalika watu kwenye mikutano, tunawakalisha mbele, tunawashika mabega wakati wa maombi. Toba tunaifahamu inavyoanza na inavyoisha, machozi yanatoka saa ngapi, wimbo upi unafuata. Mwenzako akitoka madhabahuni unamuuliza, "Ulijisikiaje?" Na wewe una chuki umeiziba kwa karafuu tangu msiba wa baba yenu. Una neno ulilomfanyia mke wako ambalo halijawahi kutajwa mbele za Mungu. Ukiimba kwa nguvu, halinuki. Ukiwa na cheo kanisani, halinuki kabisa. Watoto wako lakini wanalisikia kila ukifungua kinywa.

Tunaogopa nini? Kwamba Mungu ataliona? Ameliona. Uwezo wote anao, na bado mdomo wako hatakufungulia kwa nguvu. Anangoja, taa mkononi. Na hapo kwenye kile kiti hakuna mzee wa kanisa, hakuna mwenyekiti wa kwaya, hakuna mchungaji. Kuna mtu amelala chali na udenda unamtoka. Ndugu zako waliokataa kuja kwa maneno yako matamu watakuja siku wakikuona umetoka kule hivyo.

Ngojeni, kabla hatujasimama. Mimi hapa juu naona kila kitu. Tangu nilipotaja karafuu, viwiko vimefanya kazi sana humu ndani. Mtu anamgusa jirani yake ubavuni, anamnong'oneza, "Umesikia? Leo umesemwa wewe." Nimekuona, ndugu yangu mwenye kiwiko. Jirani yako mwache, amesikia, ana zamu yake. Nakuuliza wewe. Lako linauma upande gani?