Kambare wa Uwanjani

Tajiri Lugendo alitaka kuununua uwanja wa mpira wa mtaa ajenge maghorofa. Alipokuja na mpimaji, alimkuta Sikujua, mama aliyekuwa refa wa mtaa, ameketi katikati ya uwanja anashona wavu. Kando yake kambare walitapatapa kwenye ndoo.

"Wavu wa nini, mama?"

"Masika yamekaribia, baba. Nauziba mapema."

Lugendo akaitazama ndoo. "Kwani hapa pana samaki?"

"Wewe jenga tu. Wapangaji wako wa chini hawatahangaika na kitoweo."

"Kunja kamba," Lugendo akamwambia mpimaji. "Tutafute kwingine."

Gari lilipokata kona, Sikujua akamrudishia muuza samaki ndoo yake, akaufunga wavu golini, akapuliza filimbi mechi ianze.