Kadi Iliyofuliwa

Sogeeni karibu, na mwenye kashata mdomoni aimalize kwanza. Nitawasimulia habari za watu watatu na bangili moja, na nikifika mwisho nitauliza swali. Sitaki mtu wa kunijibu huku akimtazama jirani yake anasema nini. Swali hili limeninyima raha tangu nilipolisikia, kwa hiyo leo nawagawia na ninyi.

Muheza palikuwa na mwanamke aitwaye Zaina, mpiga video za harusi. Kipaji chake kilikuwa mkono. Zaina aliweza kulia mpaka machozi yakafika kidevuni, na kamera isitikisike hata kidogo.

Palikuwa na fundi Shechambo, mwenye kibanda cha kutengeneza simu na redio ubavuni mwa mashine ya kusaga. Kipaji chake kilikuwa kufufua vitu ambavyo wenyewe wameshavikatia tamaa. Tena alikuwa na kingine, adimu zaidi: akisema hatatazama, hatazami.

Na palikuwa na Nasra, aliyehariri video hizo katika chumba cha nyuma ya saluni. Watu hudhani kazi ya mhariri ni kuunga picha. Kipaji cha Nasra kilikuwa kutupa. Alijua jicho la mtazamaji linatafuta nini, na yaliyobaki yote aliyatupa bila huruma.

Sasa isikieni shida yenyewe. Bi Chausiku alikuwa mjane mwenye binti mmoja tu, Mwajabu. Siku nane kabla ya harusi ya huyo Mwajabu, Bi Chausiku alianguka jikoni kwa kiharusi. Mkono wa kulia ukafa, mguu ukafa, ulimi ukafungika. Wazee wakataka harusi iahirishwe, lakini kila walipolitaja jambo hilo mbele ya kitanda chake hospitalini, alipiga godoro kwa mkono wa kushoto mpaka muuguzi akaja mbio. Basi harusi ikafanyika bila yeye, na Mwajabu akaolewa macho mekundu.

Shughuli ya wanawake ilifanyika nyumbani kwao, ikasimamiwa na shangazi yake, Bi Tabu. Mnajua shughuli hizo zilivyo. Wanawake hukaa vichwa wazi, hupaka singo ile ya manukato, hucheza watakavyo, na mwanamume haingii wala haoni. Mwaka uliotangulia, picha za shughuli ya jirani zilivuja zikazagaa kwenye simu za watu, na ndoa mbili zikaingia matatani. Kwa hiyo Shangazi Tabu aliweka beseni mlangoni, kila aliyeingia akatumbukiza simu yake humo. Kamera ikaruhusiwa moja tu, ya Zaina. Na kwa sharti: shughuli ikiisha, kadi yenye picha itolewe kwenye kamera palepale na iwekwe mkononi mwa shangazi, bila nakala.

Zaina alipiga picha tangu adhuhuri. Ilipokaribia saa ya bibi harusi kutoka mbele ya watu, ukumbi mzima ulikuwa ukimwita Zaina aje jukwaani, maana mama mkwe alikuwa anaingia na zawadi zake kichwani, na alitaka aonekane. Lakini Zaina alikuwa amemwona Mwajabu akichepuka kwenda nyuma, kwenye chumba cha mama yake. Akamfuata. Kutoka mlangoni akamwona ameketi kwenye kitanda kitupu, amevuta ndara za mama yake kutoka uvunguni na kuingiza humo miguu yake yenye hina. Alikuwa anasema nazo. Zaina alisimama pale dakika tatu, akilia, na mkono ukatulia. Aliporudi, mama mkwe alikuwa ameshaingia na ameshakaa, hakupigwa hata picha moja. Mama mkwe alimwambia mbele ya watu wote kwamba katika ukoo wao Zaina hatashika tena kamera, na ukoo ule ni nusu ya Muheza.

Jioni kadi ikatolewa, ikawekwa mkononi mwa Shangazi Tabu. Naye akafanya lile ambalo mama zetu wote hufanya na kitu cha thamani. Aliifunga kwenye pindo la kanga yake, akakaza fundo.

Kesho yake, Jumapili, kanga ile ilinuka singo na pilau. Shangazi, kwa uchovu wa siku tatu, aliiloweka kwa sabuni ya kipande asubuhi, akaifikicha, akaikamua kwa nguvu zake zote, akaianika juani.

Jumatatu daktari alimwita shangazi pembeni. Akamwambia mgonjwa hali chakula, na kwamba siku zilizobaki ni mbili au tatu, basi aliye na la kumwonyesha amwonyeshe. Bi Chausiku mwenyewe alikuwa anaomba. Alikuwa akipeleka mkono wa kushoto kichwani, kama anayefunika mwali mtandio, kisha anaufungua mkono ule hewani, kuuliza. Walimletea picha za msikitini, akaona wanaume tu na akageuza uso ukutani. Mwajabu akamwonyesha hina ya mikononi, akaishika mikono ile, akalia kwa jicho moja. Alitaka kuiona siku yenyewe.

Shangazi Tabu akashika pindo. Fundo lilikuwepo. Alipolifungua alikuta kadi imepinda, ina ukungu mweupe wa sabuni. Aliketi chini sakafuni, katikati ya wodi, watu wakimpita.

"Kiharusi kimemuua wifi yangu, nami nimemuua mara ya pili," alisema.

Kompyuta ya Nasra haikuitambua kadi ile. Ya pili nayo haikuitambua. Shangazi na Zaina wakaikimbiza kwa fundi Shechambo. Aliigeuza chini ya lenzi, akawaambia njia ni moja: kuipasua, kuchomelea nyaya nyembamba kama nywele kwenye matumbo yake, na kunyonya kilichomo. Itafanyika mara moja tu, na ikishindikana basi. Shangazi akamkumbusha kwamba humo ndani mna wake za watu vichwa wazi. Shechambo akaigeuza kompyuta, kioo kikamwelekea Zaina, yeye akabaki na mgongo wa kioo na zile nyaya.

Waya mmoja ulikataa kushika. Basi akaubana pale kwa kibano, kwa mkono wake, saa mbili na zaidi bila kusogea, huku jasho likimwingia machoni na chuma cha kuchomelea kikiwa kimeshamwunguza vidole viwili. Habari zilikuwa zimeenea. Waume watatu walikuja kusimama mlangoni, na mmoja akamwambia, mke wangu yumo humo, ole wako. Shechambo hakuinua macho kutoka kwenye waya. Kila baada ya muda alimwuliza Zaina kama zinakuja, na Zaina alimjibu zinakuja. Kisha kadi ikatoa harufu ya kuungua, ikafa moja kwa moja.

Kilichookolewa kilikuwa vipande mia tisa na ushee, vimevurugika, vingine sekunde mbili, vingine havina sauti. Nasra alivipokea Jumanne asubuhi. Muuguzi alikuwa ameshasema mgonjwa hawezi kutazama zaidi ya dakika kumi. Saa nne umeme ukakatika mtaa mzima. Nasra akabeba kompyuta hadi hospitalini, ambako jenereta lilikuwa linaunguruma, akaomba tundu la umeme kwenye ukumbi wa wodi, akaketi sakafuni ubavuni mwa mlango. Kila mara aliinua macho kumtazama Bi Chausiku kitandani, kisha akarudi kwenye kioo na kutupa. Alitupa keki. Alitupa zawadi, akatupa ngoma, akatupa wageni waheshimiwa. Shangazi alipouliza kuhusu ile sehemu aliyocheza yeye, Nasra akamwambia ameitupa asubuhi.

Kisha akakifikia kile kipande cha ndara. Picha ilikuwa nzima, sauti hakuna. Midomo ya Mwajabu ilikuwa inacheza tu.

Nasra akamwita Mwajabu, wakaingia kwenye stoo ya mashuka, akamwuliza siku ile alisema nini. Mwajabu akajibu kwamba hakumbuki vizuri, ilikuwa kitu kama vile. Nasra akamwambia, sema hicho kitu kama vile. Mara ya kwanza kilio kilimziba. Mara ya pili akasema, "Mama, viatu vyako vimenitosha. Nilikuwa nadhani havitanitosha." Nasra akayapachika maneno yale juu ya midomo, akayasogeza mpaka yakakaa.

Jumatano asubuhi waliiweka kompyuta juu ya miguu ya Bi Chausiku. Mwajabu aliketi kichwani pake. Miguuni pa kitanda walisimama watatu: Zaina, Nasra, na Shechambo aliyeitwa kuunganisha spika. Shechambo alipomaliza aligeuka, akakipa kioo mgongo.

Bi Chausiku alitazama bila kupepesa. Ilipofika kwenye ndara, kooni mwake mlitoka sauti, ya kwanza tangu aanguke. Akaonyesha kwa kidole kwamba irudiwe. Ikarudiwa. Akaonyesha tena.

Ilipokwisha mara ya tatu, alipeleka mkono wa kushoto kwenye ule mkono uliokufa, akavuta bangili yake ya fedha. Ilikuwa ya mama yake, na kabla ya hapo ya bibi yake, na Mwajabu hakuwahi kuiona ikivuliwa. Ilichukua muda, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Akaiweka juu ya blanketi, akainua macho kwa wale watatu, na Shechambo alikuwa ameshaitwa ageuke. Akaisukuma kwa kidole kuelekea kwao. Kidole kikachoka, bangili ikasimama katikati ya kitanda.

Alifariki Alhamisi kabla ya adhuhuri, uso umetulia.

Vurugu za msiba zilipoanza, Shangazi Tabu aliichukua bangili ile ili isipotee. Akaifunga kwenye pindo la kanga. Mwajabu akasimama mbele yake akanyoosha mkono.

"Shangazi, fungua."

Siku ya hitima watu walianza kuwasemea wale watatu, bangili iende kwa nani. Waliokuwa upande wa Zaina wakasema Bi Chausiku alilia kwa ajili ya ndara, na ndara zile ni Zaina aliyeziona wakati wengine wanatazama jukwaa. Asingemfuata Mwajabu, fundi angefufua nini, na mhariri angechagua nini? Wengine wakajibu kwamba kazi yake ilikuwa kuleta picha, na yeye ndiye aliyekubali kuitoa kadi bila nakala.

Waliokuwa upande wa Shechambo wakasema picha nzuri ndani ya kadi mfu ni sawa na hakuna. Alishika waya saa mbili, akahatarisha jina lake, na mpaka leo ndiye mtu pekee kati yao ambaye hajui alichookoa kinafananaje. Wengine wakajibu kwamba nusu ya harusi iliungua mikononi mwake, na kwamba bangili ya wanawake wa nyumba ile haijawahi kukaa kwenye mkono wa mwanamume.

Waliokuwa upande wa Nasra wakasema vipande mia tisa si harusi. Bi Chausiku alikuwa na dakika kumi za nguvu duniani, na ni Nasra aliyejua za kujazia. Hapo sauti zilipanda, maana wengine walisema kwamba yale maneno hayakusemwa siku ile, yalisemwa stoo, na kwamba mama wa watu amekufa akiamini kitu kilichotengenezwa. Mwajabu aliulizwa kama ndivyo alivyosema mbele ya ndara. Akasema hajui, ila alipoyasema stoo alikuwa anayasema kweli.

Wale watatu wenyewe hawakuomba. Zaina alisema apewe fundi, fundi akasema apewe Nasra, Nasra akasema apewe Zaina, na shida ikabaki palepale.

Najua pale nyuma kuna mtu anataka kusema ikatwe vipande vitatu. Ikikatwa si bangili tena. Na wewe uliyefumba macho unataka kusema ibaki kwa Mwajabu, ndiye mtoto. Mwajabu mwenyewe amekataa. Alikuwa ameketi kichwani pa kitanda, akakiona kidole cha mama yake kinasukuma kwenda upande mwingine. Lilimchoma jambo lile, linamchoma mpaka sasa, lakini ni jambo la mwisho ambalo mama yake alitaka hapa duniani, na hawezi kulikalia.

Kesho ni arobaini. Wale watatu watakuja, Zaina asiye na harusi za kupiga, Shechambo mwenye vidole vyenye makovu, na Nasra ambaye siku hizi halali vizuri. Mwajabu atasimama mbele yao na bangili moja, na marehemu hayupo wa kuulizwa.

Haya, wewe ndiye Mwajabu. Unamnyooshea nani?